Anza na Salamu, Mwanangu

Mwanangu, vuta kigoda usogee jikoni. Baridi ya Uwemba mwezi huu wa sita haina huruma, na vidole vyako vimekauka kwa kugusagusa hicho kishikwambi. Najua una haraka. Orodha yako ya wagonjwa ina majina mengi, na mwisho wa mwezi ofisi itataka hesabu. Kunywa chai kwanza. Nina neno kuhusu hizo simu mnazowapigia watu wetu, na nimelijua kwa kukosea.

Nilianza kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI majumbani kabla dawa hazijafika. Njombe ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa. Tulibeba uji, sabuni na maneno ya faraja, basi. Tulizika sana. Mwishoni mwa 2004 Serikali ilianza kutoa ARV bure, zikatufikia taratibu, nikaona mtu aliyekuwa akibebwa kwa machela anarudi shambani kupanda viazi. Siku zile dawa zilimezwa asubuhi na jioni, na kila mwezi mtu alirudi kliniki. Uso wake tuliuona. Leo wengi wanameza kidonge kimoja kwa siku, na aliyetulia kwenye dawa hupewa hata za miezi sita kwa mara moja. Ni nafuu kubwa kwake, nauli tu anaokoa kiasi gani! Lakini miezi sita ni mirefu, mwanangu. Mahindi yanapandwa na kubeba mbelewele hujamwona. Hapo ndipo simu inapata kazi.

Na kazi hapa kwetu ni nzito. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Mkoa wa Njombe wanaishi na VVU, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 4.4. Mimi sijui ukoo hapa ambao haujaguswa.

Sasa sikia kosa langu. Ilikuwa 2009. Nilikuwa nimepata simu yangu ya kwanza, nikaona nimeongezewa miguu. Binti mmoja, mama wa mtoto mchanga, alipitisha siku yake ya dawa. Zamani ningepanda kilima mpaka kwake. Siku hiyo nilikuwa na haraka kama wewe. Nikaandika: "Umepitisha siku ya ARV, njoo kesho." Nikatuma, nikarudi kupalilia.

Namba ile ilikuwa ya shemeji yake. Binti mwenyewe hakuwa na simu, na alipoulizwa namba aliona haya kusema hana. Shemeji akausoma ujumbe kwa sauti, mbele ya watu waliokaa wanakunywa ulanzi. Kabla giza halijaingia, sahani ya binti ilikuwa imetengwa, na kikombe chake. Wiki haikuisha akaondoka na mtoto mgongoni kwenda Makambako.

Nilimtafuta. Nilimpata baada ya miezi minne, anauza ndizi karibu na stendi. Dawa alikuwa ameziacha tangu siku ile. Nikamwomba radhi tumesimama palepale njiani. Hakunijibu. Muuguzi mmoja wa huko ndiye aliyembembeleza mpaka akaanza upya. Mimi, ilipita miaka miwili ndipo akaniita tena mama. Yu hai, virusi vyake vimefubaa, mwanawe yuko sekondari. Lakini kwenye ile miezi minne ya hatari nilimtia mimi.

Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 ilikuwa tayari imekataza kutoa siri ya mtu. Ilikuwepo siku natuma ujumbe ule. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa na haraka tu. Kwa aliyetengewa sahani, nia yangu ingemsaidia nini?

Baadaye nikasikia walivyofanya wenzetu wa Kenya. Kati ya 2007 na 2009, kliniki za Nairobi na Kajiado zilikuwa zikituma ujumbe kila wiki, neno moja tu: "Mambo?" Mtu anajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida anapigiwa. Aliyekaa kimya anapigiwa pia. Ndani ya ujumbe hamna dawa, hamna ugonjwa. Shemeji akisoma, anaona salamu. Walifuatilia watu 538, karibu nusu wakitumiwa ujumbe na wengine hawatumiwi. Baada ya mwaka mmoja, waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 kwa waliosalimiwa, na asilimia 48 kwa wenzao. Matokeo yalichapishwa 2010. Nilipoelezwa habari hiyo nilinyamaza muda mrefu. Nilikuwa namwaza yule binti na kilima ambacho sikukipanda.

Siku hizi naandika "Kamwene, za tangu juzi?" Mambo ni salamu ya vijana. Mzee wa hapa ukimwandikia hivyo atakuona huna adabu.

Ila usidhani salamu peke yake inatosha. Walijaribu tena kule Kibera, kwa watu walioanza huduma karibuni, na matokeo yaliyotoka 2018 yalionyesha kuwa ujumbe ule haukuongeza waliobaki kwenye huduma mwaka wa kwanza. Mimi sikushangaa. Nilikuwa nikimfuatilia dereva mmoja wa lori pale Makambako. Kila wiki alinijibu "sawa", haraka kabisa, nami nikaridhika. Siku moja nikampigia, nikasikia kikohozi na sauti imenyong'onyea. Kumbe kwenye simu hiyohiyo alitumiwa video ya mtu anayeuza mizizi ya kuponya kabisa. Dawa zake aliziacha. Sikumkaripia. Nilimuuliza ameanza lini, amelipa kiasi gani, kisha nikamsindikiza kliniki. Neno "sawa" liheshimu, mwanangu, lakini mara mojamoja piga usikie sauti.

Na kabla hujaandika namba ya mtu, muulize. Simu ni ya nani? Nani mwingine anaishika? Nikupigie saa ngapi, na nijitambulishe kama nani? Wako wanaotaka uwe shangazi yao. Kuwa shangazi. Usiwaweke kwenye kundi moja la WhatsApp kwa sababu inakurahisishia kazi, maana kila mmoja ataona namba ya mwenzake, na Njombe ni ndogo. Na lile neno "watoro" mnalowaita waliopotea, liacheni. Mtoro ni mtoto aliyekimbia shule. Hawa wamekimbia njaa, au nauli, au ujumbe kama ule wangu.

Maliza chai. Kwenye orodha yako nimemwona bibi wa kule bondeni. Yeye hana simu, na hata angekuwa nayo mtandao haushiki. Vaa koti langu pale mlangoni, umfuate kwa miguu kabla ukungu haujashuka.