Adabu ya Kununua Kikubwa kwa Kipato Kidogo

Mtu wa mshahara wa laki nne anajua kuishi na bei ya mchele na nauli. Mtihani wake unakuja siku anapotaka friji, cherehani, kitanda cha mninga au pikipiki. Vitu hivi havitoki kwenye fedha ya mfukoni, vinatoka kwenye fedha ya miezi, na ndani ya miezi hiyo kuna watu: mke au mume, mwenye duka, wenzako wa mchezo, mdhamini, na mama kijijini anayengoja chochote mwisho wa mwezi. Wengi hupiga hesabu ya bei wakawasahau watu hao. Nimeona nyumba zikigombana juu ya kabati ambalo bei yake ilikuwa nzuri kabisa.

Basi anza nyumbani. Mwenzako asipate habari ya friji siku kirikuu imesimama mlangoni na vijana wanauliza waiweke wapi. Zawadi ya kushtukiza ni tamu ikiwa imelipiwa yote. Ikiwa ya mkopo, umempa mwenzako zawadi iliyokatwa kwenye mboga yake ya miezi ijayo, naye hakuulizwa. Na mazungumzo hayo yana siku yake. Siku ya mshahara kila mtu ni tajiri, anaahidi kutenga laki bila kupepesa macho. Ongeeni tarehe 20, mfuko ukiwa umekauka na LUKU inalia. Kiasi mtakachosema siku hiyo kwamba mnaweza kukitenga, hicho ndicho chenyewe.

Hapohapo hesabuni na gharama za kukitunza kitu. Friji inakula umeme, pikipiki inataka bima, matairi na oili, na kiwanja kinataka kupimwa na hati. Muuzaji hatakukumbusha, si kazi yake.

Mwenye subira na adundulize. Kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari bado kinafanya kazi yake vizuri kuliko akaunti ya simu ambayo unaweza kuchota fedha usiku wa manane. Adabu ya kibubu ni moja tu: hakikopwi, hata na mwenye nyumba, na hatangaziwi mgeni kwamba kipo.

Kama ni samani, fundi pia hupokea kidogo kidogo. Lakini wanaonunua Keko, pale Dar es Salaam, wanajua kwamba advansi yako mara nyingi inamalizia kitanda cha mteja aliyekutangulia, na chako kitamaliziwa kwa advansi ya atakayekufuata. Usimwite mwizi kwa hilo, ndivyo karakana isiyo na mtaji inavyopumua. Wewe toa ya mbao tu. Kisha nenda ukazione mbao zenyewe, uzishike, uandike jina lako kwa chaki kwenye kila ubao mbele yake, huku mkipiga soga. Fundi hataona kwamba hukumwamini, ataona kwamba unakijua kitanda chako. Awamu ya pili itoke fremu ikiwa imesimama, na ya mwisho baada ya msasa na vanishi.

Sasa upatu, ambao wengi wanauita mchezo. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo njia ya watu wengi na ndipo adabu inapopimwa. Tuseme mko kumi, kila mwezi mnatoa elfu hamsini, na anayepokea anaondoka na laki tano. Aliyepokea mwezi wa kwanza ametoa elfu hamsini tu. Laki nne na nusu alizozibeba ni fedha za wenzake tisa, naye amekopeshwa bila riba, bila fomu, bila dhamana. Wa kumi ametunza fedha miezi yote hiyo bila faida, na cherehani aliyoitaka huenda imepanda bei. Tofauti ya hao wawili ni heshima tupu. Ndiyo maana aliyepokea mapema anapaswa kuwa wa kwanza kupeleka kwa kijumbe, mkusanyaji wa mchezo, kila mwezi, asingoje kupigiwa simu. Na akinunua, asipite na kitu chake kipya akijinadi mbele ya wa nane na wa tisa ambao bado hawajapokea.

Kubadilishana namba si dhambi. Mwenzako akifiwa au mtoto wake akichaguliwa shule ya bweni, mwachie zamu yako ukiweza. Lakini ombi lipitie kwa kijumbe na wote wajue, kwa sababu namba zinazobadilishwa kwa kunong'onezana ndizo zinazovunja michezo. Na usicheze mitatu kwa mpigo ili upokee mmoja ulipie mwingine. Hapo umeacha kuweka akiba, unazungusha deni.

Usichanganye upatu huu na ule unaoahidi kwamba fedha itazaa yenyewe. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaikumbuka DECI, iliyoahidi kurudisha mara mbili na zaidi, ikavunjika, na wachungaji walioiendesha wakaishia kizimbani. Kipimo ni rahisi: kwenye mchezo wa kweli unapokea ulichotoa, wala hakizidi hata shilingi.

Kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, ni jambo jingine. Mtindo wake ulianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, ukaenea hadi huku kwetu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa wa nne. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Ukikopa huko kununua kitu, mwambie mdhamini wako kitu ni nini na mkopo utalipwa kwa fedha gani, kabla hajatia sahihi. Kumfuata mtu kwenye kikao, mbele ya wote, ili aone haya kukukatalia, ni kumnyang'anya. Naye anayeombwa akikataa, asinuniwe.

Kuhusu mkopo wa duka nitasema machache. Uliza bei mbili: ya taslimu na ya kumaliza. Tuseme friji ni laki saba ukilipa yote. Kwa mkopo unatoa kianzio cha laki na nusu, halafu elfu ishirini na tano kila wiki kwa wiki 36. Jumla ni milioni moja na elfu hamsini. Umenunua friji moja na nusu, ukapewa moja. Wapo wanaokubali hivyo wakijua, kama mama anayeuza juisi na barafu na atakayeirudisha tofauti hiyo ndani ya msimu wa joto. Sina neno naye. Nina neno na anayeona elfu ishirini na tano peke yake, asizidishe.

Mikopo ya kausha damu sitaijadili kwa urefu. Asilimia 20 kwa mwezi ni 240 kwa mwaka, hata kabla riba haijazaa riba, na hakuna friji yenye faida ya kiasi hicho. Lakini kwenye mikopo ya programu za simu kuna kosa la adabu ambalo watu hawalioni. Ukibonyeza kuruhusu, umeigawa orodha yako ya simu: namba za shangazi, za bosi, za mwalimu wa mtoto. Ukichelewa, wao ndio wanaotumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja hadharani zaidi ya majukwaa na programu 60 zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Hata kama mkopo huo ungekuwa nafuu, namba za watu hazikuwa zako kuziweka rehani.

Ukikopa kwa ndugu, andikeni. Watu huona haya, wanasema sisi ni damu moja, karatasi ya nini. Waislamu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, wala haikumtoa ndugu. Daftari la shule linatosha: kiasi, tarehe, sahihi mbili. Kaka aliyekutumia fedha kutoka Muscat asisome habari za fedha hizo kwenye picha zako za harusini.

Na malipo yakikosekana? Nenda kabla ya tarehe. Mwenye duka akikuona siku mbili kabla, na elfu kumi mkononi kati ya ishirini na tano, anakuona mlipaji aliyekwama. Akikupigia siku tatu baada ya tarehe na simu haipatikani, wewe ni jina kwenye orodha. Usimtume mtoto kusema baba hayupo. Mtoto anajifunza, tena haraka. Na wewe unayedai, usidai msibani, wala usiseme kiasi mbele ya wakwe.

Nawe kijana wa bodaboda unayechukua pikipiki ya mkataba, hesabu yako ya kila siku iandikwe na isainiwe kila siku, hata kama tajiri ni mjomba. Mkataba useme siku ya ugonjwa inahesabiwaje, na pikipiki ikiibwa nani anabeba. Zaidi ya yote, useme kadi itabadilishwa jina lini. Wengi wamemaliza mwaka mzima wa kulipa, wakapewa funguo na pongezi, kadi ikabaki na jina la tajiri. Akifa, warithi wanaifuata pikipiki kama mali ya marehemu. Siku ya hesabu ya mwisho msiagane kijiweni. Mwambie kwa upole, shikamoo ikitangulia, kwamba nauli ya kwenda TRA utalipa wewe, na kwamba umeacha kazi siku hiyo kwa ajili hiyo tu.