Hofu ya Macho ya Watu

Marius Victorinus, msomi mzaliwa wa Afrika aliyefundisha Roma katika karne ya 4, alisoma Maandiko akaamini, lakini kwa siri. Aliogopa kuwaudhi rafiki zake wenye vyeo. Simplicianus, rafiki yake Mkristo, akamwambia hatamhesabu kuwa Mkristo mpaka amwone kanisani. Maneno magumu, na naamini ndiyo aliyoyahitaji. Siku ya kukiri imani, mapadre walimruhusu akiri faraghani. Akakataa, akasimama mbele ya watu wote. Mwaka 362, sheria ya Kaisari Juliano ilipowazuia Wakristo kufundisha, aliacha kazi yake. Wewe unayemwamini Kristo moyoni na kumficha kazini, tafadhali, mwambie mtu mmoja leo.