Haki ya Asiyeitika

Mtoto aitwapo asiitike, sisi husema, "Huyu hasikii." Neno ni moja, lakini limebeba maana tatu. Huenda sauti haimfiki masikioni. Huenda sauti yamfika, ila hatambui kwamba anaitwa yeye. Na huenda amesikia, amefahamu, lakini hataki kutii. Wazee wasemapo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wakusudia maana hiyo ya tatu. Nakuuliza, msomaji: kwa nini tumwonapo mtoto kimya twaikimbilia maana ya tatu, nayo ndiyo pekee yenye lawama ndani yake?

Kosa hili si la wajinga peke yao. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliopenda upweke na kuchukia mazoea yao yabadilishwe. Watatu kati yao hawakusema kabisa. Hali yao twaiita leo usonji. Kabla ya kufika kwake, baadhi yao walidhaniwa viziwi, na baadhi wapumbavu. Baadaye wataalamu kadhaa waliwashutumu wazazi, hasa mama, kwamba walikosa upendo. Na mama wengi walibeba dhambi wasiyoitenda. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu kuipinga shutuma hiyo. Leo twajua kwamba usonji hutokana na jinsi ubongo unavyokua, wala si ubaridi wa mama.

Lakini utajuaje kama mtoto asikia, ikiwa hawezi kukujibu? Vipimo vingi vya zamani vilingoja jibu lake: ainue mkono, au ageuze kichwa. Mwaka 1978 mtafiti David Kemp wa London alitangaza jambo la ajabu. Sikio zima halipokei sauti tu, bali nalo hutoa sauti. Kifaa kidogo hutiwa katika tundu la sikio na kutoa mlio mfupi; punde sehemu ya ndani, iliyojipinda kama kombe la konokono, hurudisha mwangwi hafifu mno. Mtoto aweza kuwa amelala, na sikio lake likamjibia. Mwangwi usiporudi, hiyo si hukumu bado, maana huenda pana maji nyuma ya kiwambo cha sikio. Ukirudi, pia si mwisho. Kuna kipimo kingine kinachofuata safari ya sauti katika mshipa wa fahamu mpaka kwenye ubongo.

Wala usidhani kwamba hali moja huifukuza nyingine. Mtoto mmoja aweza kuwa kiziwi na kuwa na usonji pia. Akijulikana kuwa kiziwi, ukimya wake wote husingiziwa masikio. Akijulikana kuwa na usonji, huenda asipatikane mtu wa kumpima masikio. Jibu la kwanza likitutosheleza upesi, nusu ya mtoto hubaki gizani.

Huenda ukasema kwamba watoto watundu wako kweli. Naam, wako. Lakini pima makosa mawili katika mizani. Ukimpima masikio mtoto mtundu, umepoteza saa moja. Ukimwadhibu mtoto kiziwi kwa amri asiyoisikia, umetenda dhuluma ambayo yeye hana hata njia ya kuishtaki. Kosa la kwanza husahauliwa jioni; la pili hukaa moyoni maisha.

Na kujua sababu ya ukimya hakutoshi. Hatuna budi kuitafuta lugha ambayo mtu huyo aweza kutujibu kwayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Aliyeitwa bubu jana, leo mikono yake ina haki ya kusema mbele ya taifa. Wako pia wenye usonji wanaosema kwa picha au kwa maandishi yale ambayo ulimi hauwezi.

Basi, umwitapo mwenzako darasani asiitike, usimwite mwenye kiburi. Mwendee, simama mahali akuonapo, umngoje. Huenda si yeye asiyesikia. Huenda ni sisi ambao hatujajifunza kumsikia.