Mjukuu Wangu, Jina Lako Liandike Mwenyewe

Mjukuu wangu,

Nimeambiwa matokeo ya kidato cha sita yametoka na umefaulu. Nimefurahi mpaka chakula kimenishinda. Nimeambiwa pia unataka kuomba ile shahada ya biashara iliyochanganywa na kompyuta na utunzaji wa taarifa, ambayo Mzumbe wanaisomesha kwa jina la TEHAMA na Biashara, na ambayo dada yake iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye ndaki yao ya Kijitonyama. Omba. Sikukatazi hata kidogo. Hofu yangu iko kwenye wiki hizi chache kabla hujafika huko.

Nimeona watoto wa delta wakivuka mtihani salama na kuzama kwenye fomu. Mmoja wao ni wa damu yangu, nitakusimulia. Kwanza nisikilize habari yangu mwenyewe.

Nilikuwa karani wa chama cha msingi, enzi hizo Kibiti bado ni Rufiji. Ukitaka kwenda kusini unasubiri kivuko pale Ndundu. Daraja la Mkapa limekuja kufunguliwa mwaka 2003, mimi kalamu ya chama nimeishika miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kupima korosho na kuandika jina la mkulima, kilo zake na namba ya stakabadhi. Basi, hayo tu.

Msimu mmoja niliandika jina la mtu nusu. Kijijini kwake walikuwa wawili, jina lao moja, la baba moja, tofauti yao ni la babu. Jua kali, foleni ndefu, nikaliacha la babu. Malipo yalipokuja yakaenda kwa yule mwingine, naye akayala. Mzee wa watu alikuja akakaa kwenye baraza ya ofisi siku nne na kikapu chake. Hatukani, hapigi kelele, amekaa tu. Binti yake alikuwa kidato cha pili na ada yake ilikuwa ndani ya zile korosho. Hakurudi shule tena.

Yule binti leo ni mtu mzima mwenye wajukuu. Nikikutana naye sokoni Kibiti ananiamkia shikamoo kwa adabu, nami naitikia nikitazama chini.

Kwa hiyo babu yako anapokwambia kwamba jina la mtu ni mali, anajua anachosema. Jina la kuandikiwa ni nyumba ya kupanga, mjukuu wangu. Mwenyewe akihama na ufunguo, wewe unalala nje.

Sasa nisikilize habari ya mwenzio. Ni mjukuu wa marehemu dada yangu, kule visiwani, Mbwera. Kijana mpole, kichwa chake kizuri, alisoma uchumi, jiografia na hesabu. Alipofaulu alipanda boti mpaka Nyamisati, akapanda bodaboda mpaka Bungu, akaingia kwenye steshenari moja ya barabarani, siitaji. Kijana wa pale akamwambia, "Kaa hapo, mimi nitakujazia kila kitu." Akamjazia kweli. Barua pepe akaitengeneza yeye, neno la siri akaliweka yeye, na kwenye namba ya simu akaweka yake, kwa kuwa ya mjukuu wetu ilikuwa haishiki mtandao huko kwao.

Akachaguliwa vyuo viwili. Unajua utaratibu ulivyo: tangu mwaka 2017 unaomba moja kwa moja chuoni, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wanataka uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe uliyojiandikisha nayo. Namba ilitumwa. Ilikwenda kwenye laini ya yule kijana wa steshenari, naye alikuwa ameshaitupa laini hiyo na kuhamia Mbagala.

Mwenzio alikuwa Mbwera anangoja. Kila jioni anapanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, anashuka. Alipokuja kuambiwa na rafiki yake kwamba majina yametoka, siku za kuthibitisha zilikuwa zimepita. Vyuo viwili vilimtaka, akakosa vyote.

Mwaka uliofuata akajaribu tena. Mfumo ukamwambia namba yake ya mtihani imeshasajiliwa, aingie kwa barua pepe ile ile. Barua pepe gani? Neno la siri gani? Alikwenda na kurudi Bungu mara nne, nauli ya dada yangu ikaisha, na moyo wa kijana ukaisha. Leo yuko Nyamisati, anapanga kambamiti kwenye barafu. Uvuvi ni kazi ya heshima, na baba yangu alikula kwenye maji haya haya. Lakini mwenzio hakuchagua kazi ile, na macho yake ninayajua tangu akiwa mchanga.

Nakusihi, mjukuu wangu. Andika mwenyewe.

Steshenari nenda, kompyuta yao itumie, walipe hela yao. Mkono uwe wako. Barua pepe itengeneze wewe, neno la siri liandike kwenye daftari la karatasi, na nambari ya simu iwe yako, laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na usiibadilishe mpaka umekwisha kulala bwenini. Kama kwenu mtandao haushiki, kipindi cha maombi hamia kwa shangazi yako Kibiti mjini. Atakulisha. Anayeazima kasia ameazima na safari.

Na kama unakwenda JKT kwa mujibu wa sheria, hapo ndipo kwenye hatari zaidi, maana kule kambini simu si yako na siku zinakwenda. Kabla hujaondoka, mwachie mama yako au kaka yako laini na daftari, umweleze mwanzo mpaka mwisho, naye akurudishie kwa mdomo alivyoelewa. Mtu wa nyumbani anayelala akikuwaza ndiye wa kumwachia.

Halafu majina. Juzi uliniletea vyeti vyako nivitazame, nimevitazama usiku kucha kwa kurunzi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani, cha kidato cha nne kinasema Othman. Kwako ni jina moja. Kwa mashine ni watu wawili, na sasa umerudi kwenye foleni yangu ya korosho. Bodi ya Mikopo itataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, itataka jina linalofanana na la matokeo yako, na itataka sahihi za serikali ya kijiji na za mdhamini. Kurekebisha jina ni safari ya wakili na kiapo, na safari hiyo haiendi kwa siku moja. Ianze leo. Usiseme nitafanya nikishachaguliwa. Nimewaona waliosema hivyo. Walichaguliwa, wakafika chuoni bila mkopo, wakakaa muhula mmoja wakila mlo mmoja kwa siku, wakarudi na begi.

Mkopo wenyewe uuelewe pia. Ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako inakatwa kila mwezi mpaka uishe. Sikuambii uukatae, maana sisi hatuna cha kukulipia. Nakuambia uusome kabla ya kutia sahihi.

Tena wapo vishoka. Watakupigia simu wakuambie wana mtu ndani ya chuo, au ndani ya Bodi, tuma elfu hamsini jina lako lipande juu. Hakuna ngazi hiyo. Malipo ya kweli yanapita kwenye kumbukumbu namba unayopewa na mfumo, siyo kwenye namba ya simu ya mtu. Dada yangu aliuza mbuzi kumtumia mmoja wa hao, mwaka ule wa pili. Simu ikazimwa usiku huo huo.

Labda unajiuliza kwa nini babu ameishikilia sana habari ya fomu. Kwa sababu hiyo shahada unayoiomba ni kazi ile ile ya karani, gunia limekuwa kubwa tu. Utasoma uhasibu, masoko, hesabu, kanzidata na mifumo ya kompyuta inayobeba kumbukumbu za biashara. Tazama ufuta wetu wa Pwani. Siku hizi unakusanywa kwa stakabadhi ghalani na mnada unaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa, TMX. Mnunuzi yuko mbali na bei yake anaiweka kwenye kompyuta, mkulima wa Mtawanya yuko chini ya mwembe anangoja kuambiwa. Tazama kambamiti wa delta: mwenye barafu anaijua bei ya Dar es Salaam ya asubuhi ile, mvuvi wa Msala anaijua ya mwezi uliopita. Ndiyo maana mwenye barafu anajenga na mvuvi anaezua.

Nataka mtu wetu mmoja ajue pande zote mbili. Nataka uwe wewe. Lakini huwezi kwenda kusomea kutunza taarifa za watu hali za kwako umeziacha mfukoni mwa mtu wa Bungu.

Sasa habari ya ushindani, maana nakuona unatembea kifua mbele. Kiwango cha chini cha TCU ni ufaulu kamili wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, A ikihesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Watoto wanasikia "pointi 4", wanaona wamefika. Mjukuu wangu, hizo ni pointi za kukuruhusu kubisha hodi. Kozi hii wanaiomba watoto wa Dar es Salaam, wa Arusha, wa Mwanza, waliokuwa na kompyuta nyumbani tangu darasa la tatu, nao chuo kinachukua wa juu kwanza mpaka viti vijae. Kizingiti hakilaliki.

Kwa hiyo usiombe chuo kimoja ukakunja mikono. Fungua mwongozo wa TCU, usome mstari kwa mstari masomo yanayotakiwa kwa kila kozi, na hasa utazame wanasemaje kuhusu hesabu. Wengine wanaitaka ya kidato cha sita, wengine inawatosha ya kidato cha nne. Kuna mtu anaomba kozi ambayo mchepuo wake haukubaliki kabisa, anangoja miezi miwili jibu ambalo lilikuwa limeandikwa kwenye mwongozo tangu siku ya kwanza. Hilo linaniuma kuliko kufeli.

Na usiidharau diploma. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kimefundisha biashara tangu mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kipo tangu 1972. Mtoto akiingia huko kwa diploma, akatoka na GPA ya 3.0 na zile D zake nne za kidato cha nne, mlango wa shahada unafunguka. Utachelewa, ndiyo. Mimi nimeishi muda mrefu, sijaona aliyecheleweshwa na masomo akajuta kama aliyekaa nyumbani akingoja jina la chuo kikubwa.

Jambo la mwisho ni siku. Wewe umezaliwa delta, sina haja ya kukufundisha maji. Ukitoka Mbwera maji yakiwa yanakupwa, utakesha kwenye tope katikati ya mikoko, na hakuna wa kumlaumu. Dirisha la maombi nalo linakupwa. Usiku wa mwisho kila mtoto wa Tanzania yuko kwenye mfumo, mfumo unagoma, umeme wa Bungu unakatika. Omba wiki ya kwanza. Nakusihi, wiki ya kwanza. Maji yakishakupwa, mtumbwi ni ubao.

Mama yako ananiambia una hasira na mimi kwa kuwa nimekukatalia kumpa vyeti yule rafiki yako anayekwenda Bungu kesho. Kasirika. Mwenye hasira anapoa. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia kwa jirani yetu yaliondoka na sanduku lenye vyeti vya watoto watatu, na mpaka leo wanahangaika. Vya kwako nimevifunga kwenye nailoni mara mbili, viko juu kwenye dari, upande wa mlango.

Jumamosi maji yanajaa alfajiri. Boti ya kwanza tutaiwahi mimi na wewe. Njoo ulale hapa Ijumaa, uje na simu yenye chaji, na daftari jipya, na kalamu mbili.