Wanangu, Hesabuni Meseji Zenu

Wanangu wa Uvira, tangu Kalundu mpaka Kavimvira nasikia lalamiko moja: "Unite zangu zimeliwa." Mnalisema, kisha mnanunua nyingine. Kununua tena bila kuuliza zilikokwenda zile za kwanza ndiko kunakoniuma, maana fedha hizo zimetoka kwenye ndagala walizoanika mama zenu juani.

Huko Ulaya wako wateja wa simu wanaoletewa karatasi kila mwisho wa mwezi, hesabu ya matumizi yao ikiwa imeandikwa. Asiyeridhika hupinga kabla ya kulipa. Sisi tunalipa kwanza. Unite zikikatwa zimekatwa, na karatasi haiji. Kwa hiyo karani wa simu yako ni wewe mwenyewe, na karani asiyejua bei hawezi kujua kama ameibiwa.

Anzeni na meseji yenyewe. Wahandisi walioibuni miaka ya 1980 waliipa nafasi ya herufi 160, na nafasi tupu kati ya maneno huhesabiwa pia. Ukizidisha, simu inaukata ujumbe vipande vya herufi 153, kwa kuwa sehemu ya nafasi hutumika kuviunganisha. Ndugu yako anasoma barua moja. Wewe unalipishwa kila kipande. Kiswahili chetu hakina tatizo hapo, herufi zake zote zimo katika orodha ya kawaida. Tatizo ni vile vikatuni vya nyuso na maua mnavyovipenda, na baadhi ya herufi za Kifaransa kama ê. Kimoja tu chaweza kubadilisha hesabu ya ujumbe mzima, nafasi zikashuka kutoka 160 hadi 70. Pole ya herufi 150 ni meseji moja. Iongezee ua mwishoni, inakuwa tatu. Mfiwa anayataka maneno yenu, ua liacheni.

Halafu kuna mpaka. Taa za Bujumbura tunaziona usiku kutoka hapa, lakini kwa simu Bujumbura ni nchi ya kigeni: namba zake zinaanza na 257, zetu 243, za Kigoma 255. Forfe ya meseji uliyonunua kwa ajili ya humu nchini huenda isifike huko, na kinachokatwa ni unite zako za kawaida. Wengi wenu mna kadi mbili katika simu moja, ya Kongo na ya Burundi. Kabla ya kutuma, tazameni ni kadi ipi inayotuma. Na mkiwa mpakani Kavimvira angalieni jina la mtandao juu ya kioo, kwa sababu mawimbi ya redio hayasimami kwenye kizuizi cha forodha.

Ninazoziogopa zaidi, hata hivyo, ni meseji mnazopokea. Namba fupi inawaletea matokeo ya mpira au utabiri wa nyota. Kijana anabonyeza OK ili ujumbe uondoke kwenye kioo, na tayari amejiandikisha. Kuanzia hapo anakatwa kila siku, kiasi kidogo asichokiona. Msibonyeze msichosoma. Mkikuta mmeandikishwa, tafuteni neno la kujitoa, mara nyingi ni STOP, na ikishindikana nendeni kwa wakala mkadai kufutwa.

Msiseme kudai hakusaidii. Septemba 2020 serikali ilianzisha tozo ya RAM, ya kusajili simu, ikisema inapambana na simu bandia na za wizi. Mwenye simu ya intaneti alitakiwa dola 7 kwa mwaka, zikikatwa kidogo kidogo kwenye unite zake. Watu walitazama salio, wakauliza, wakapiga kelele mitaani, na mwaka 2021 hoja ikafika mbele ya wabunge Kinshasa. Mwanzoni mwa 2022 tozo ikaondolewa. Waliotangulia kuuliza ni wale waliokuwa wanajua walikuwa na unite ngapi jana yake.

Basi leo jioni, kabla ya kununua unite nyingine, tazameni salio mkaliandike. Tumeni meseji moja fupi, tazameni tena. Mkiona imekatwa zaidi ya bei mliyotangaziwa, pelekeni hizo namba mbili kwa wakala, mkae hapo mpaka mjibiwe.