Bendera Mabegani mwa Mtoto

Tarehe 30 Oktoba 2022, katika mji wa Navi Mumbai nchini India, wasichana wa Hispania na wa Kolombia walikutana katika mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia la wasichana wasiozidi umri wa miaka 17. Walichezana kwa muda mrefu, wala bao halikuonekana. Mchezo ulipokaribia kwisha, mlinzi mmoja wa Kolombia akajifunga, na kwa bao hilo moja Hispania wakatwaa kombe. Jina la msichana yule hatulitaji, maana halina kazi katika maneno yetu. Twataka kuuliza jambo moja tu: kosa lile lilikuwa la nani?

Wasomaji wengi watawakumbuka wasichana hao wa Kolombia. Ndio waliowafunga wasichana wa Tanzania mabao 3–0 katika robo fainali, siku nane kabla ya fainali hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wasichana wa Tanzania kufika kwenye Kombe la Dunia. Walianza kwa kufungwa na Japani 4–0, kisha wakawashinda Ufaransa 2–1, wakatoka sare ya 1–1 na Kanada, na safari yao ikaishia kwa Kolombia.

Na tuangalie jinsi watu wazima wasemavyo siku za namna hiyo. Timu ikishinda, husikika kila mahali: “Tumeshinda!” Timu ikifungwa, watu wale wale husema: “Wamefungwa.” Tofauti ni silabi moja tu, lakini ndani yake mna udhalimu usio mdogo. Hata wawili walioshirikiana duka hawakubaliani kwamba faida iwe ya wote wawili, na hasara iwe ya mmoja. Basi, ikiwa ushindi ni wa taifa zima, kwa haki gani kosa liwe la mtoto peke yake? Wahenga walisema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wapo watakaotujibu kwamba aliyekubali kuvaa jezi ya taifa amekubali na uzito wake. Kwa mtu mzima, jibu hilo lina nguvu. Lakini mara nyingi msichana wa miaka 16 hapigi kura katika nchi ambayo jina lake limeandikwa kifuani pake. Twasema hajakomaa kutoa neno katika mambo ya taifa. Je, atakuwa amekomaa kulipa deni la heshima ya taifa hilo? Haiwezekani kuwa mtoto wakati wa kugawana madaraka, na mtu mzima wakati wa kugawana lawama.

Wala jambo hili si la nadra. Tangu mashindano hayo yaanze New Zealand mwaka 2008 hata yale ya Moroko mwaka 2025, zimechezwa fainali 9. Na 4 katika hizo, yaani za 2010, 2012, 2016 na 2024, zilikatwa kwa mikwaju ya penalti. Maana yake ni kwamba mara nne wasichana wadogo walisimama mmoja mmoja mbele ya mpira, na aliyekosa aliona kombe likienda nchi nyingine.

Wengine watasema: ikiwa ndivyo, heri mashindano yafutwe, wasichana wabaki nyumbani kwa usalama wao. Dawa hiyo imekwisha kujaribiwa, nayo ilikuwa sumu. Mwezi wa Desemba 1921 chama cha kandanda cha Uingereza kiliwafungia wanawake viwanja vya vilabu vyake, kikidai kwamba mchezo huo hauwafai. Katazo hilo likadumu karibu miaka 50. Huko Brazili serikali iliwakataza kwa amri ya mwaka 1941, wasipate ruhusa hata 1979. Waliokataza walijiita walinzi. Walakini kumnyima mtu haki yake si kumlinda. Wasichana hawa wanapenda mchezo wao, wanaufanyia kazi kwa jasho, nao wanastahili kupimana nguvu na wenzao wa dunia nzima. Kushindwa pia ni sehemu ya malezi, kwani asiyekubali kushindwa si mshindani.

Basi lisilofaa si mashindano, wala si bendera. Lisilofaa ni kumwazima mtoto bendera, kisha kumdai riba. Yawapasa walimu wa timu wamfundishe mchezaji kabla ya safari kwamba thamani yake haitegemei mkwaju mmoja. Yawapasa viongozi wasimame mbele wakati wa lawama, kama wasimamavyo mbele wakati wa kupiga picha. Nasi wenye magazeti yatupasa kujua kwamba jina la mtoto aliyefunga bao zuri ni habari njema, bali jina la mtoto aliyejifunga si mali ya kuuzia gazeti.

Jambo hili lataka kufikiriwa sasa, maana tangu mwaka 2025 mashindano hayo yana timu 24 badala ya 16, nayo yamepangwa kufanyika Moroko kila mwaka hata 2029. Mamia ya wasichana watavaa rangi za mataifa yao, na wengi wao, kama ilivyo kawaida ya mashindano, watarudi mikono mitupu. Siku hiyo ndiyo itakayotupima sisi watu wazima. Watakaposhuka katika ndege vichwa vimeinama, wawepo watu wa kuwapokea, na watu hao wawe na ujasiri wa kuitamka ile silabi moja: “Tumefungwa.”