Jembe la Hiari na Jembe la Shuruti

Wahenga walinena kwamba hiari yashinda utumwa. Methali hii ni fupi, na wanafunzi wengi huiandika katika insha zao pasipo kuitafakari, kana kwamba ukweli wake hauna haja ya kupimwa. Lakini ukiichukua ukaipeleka kijijini, mahali penye barabara ya kutengenezwa, chemchemi ya kusafishwa au mteremko wa kuhifadhiwa, utaona kwamba ndani yake mna swali gumu. Ikiwa kazi ni ya manufaa ya wote, na mtu mmoja akataa kuifanya, je, wenziwe wana haki ya kumshurutisha? Na wakimwacha, je, wana haki ya kumnyima matunda ya kazi hiyo? Nataka tulichunguze swali hili pamoja, msomaji, kwa maana siku yaja ambapo utasimama mbele ya jirani zako, nawe utatakiwa kulijibu.

Kusaidiana kazi si jambo geni kwetu. Wakamba huita mwethya, Wakikuyu huita ngwatio, na Waluo huita saga. Mtu aliyekuwa na shamba kubwa la kupalilia au nyumba ya kuezeka aliwaita jirani zake, akawatayarishia chakula, nao wakaja na majembe yao mabegani. Siku nyingine aliita mwingine, naye akaenda. Hapakuwa na daftari la mahudhurio, walakini kila mtu alikumbuka nani alikuja na nani hakuja. Aliyekosa mara kwa mara bila sababu alijua kwamba siku yake ya kuita ingekuwa siku ya upweke. Kwa hiyo tusidhani kwamba hiari ya wazee wetu ilikuwa hiari tupu. Ilikuwa na kamba yake nyembamba, nayo ni haya. Lakini kamba hiyo ilishikwa na watu wanaofahamiana, na aliyefungwa nayo leo ndiye aliyeishika kesho.

Sasa tutazame mambo yalivyokuwa kamba iliposhikwa na mkono mwingine. Mfano wetu ni nchi ya Machakos. Katika miaka ya 1930 Wakamba walikuwa wamezungushiwa mipaka na utawala wa kikoloni, na sehemu ya ardhi waliyokuwa wakichungia mifugo yao ilikuwa imekwisha kuwa mashamba ya Wazungu au mali ya serikali. Watu waliongezeka na mifugo iliongezeka, lakini ardhi haikuongezeka. Mvua ya huko ni chache, tena inaponyesha hunyesha kwa nguvu. Majani yalipokwisha liwa, maji yalishuka vilimani yakachukua udongo mzuri na kuacha makorongo. Mwaka 1937 Colin Maher, aliyekuwa afisa wa serikali wa kuhifadhi udongo, aliandika habari za Machakos kwa hofu kubwa.

Ubaya wa ardhi ulikuwa wa kweli, wala hapana mtu aliyeweza kuukanusha. Serikali ikaamua kwamba dawa ni kupunguza mifugo, na mwaka 1938 ikaanza kuchukua ng'ombe za watu kwa nguvu ili ziuzwe. Ndipo Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, walipokwenda Nairobi kutaka kuonana na gavana, wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Muindi Mbingu, aliyekuwa akiwaongoza, alikamatwa akapelekwa Lamu. Hata hivyo serikali ililazimika kuiacha amri yake.

Baadaye dawa ikawa matuta. Watu waliamrishwa kwenda kuchimba, na asiyekwenda alitozwa faini. Wengi walishuku kwamba ardhi ikishatengenezwa itanyang'anywa, na ukikumbuka yaliyokwisha kutendeka huwezi kusema kwamba shaka yao ilikuwa ya kipumbavu. Huko Murang'a, ambako amri ya matuta ilikuwa hiyo hiyo, mzigo uliwaangukia wanawake zaidi, na mwaka 1948 wanawake hao walikataa waziwazi kuendelea. Tafadhali tazama jambo hili vizuri. Kazi waliyoikataa ilikuwa kazi yenye faida. Hao walioikataa hawakuwa wavivu, kwani waliamka kila siku kabla ya jua kwenda kulima. Walikataa kutendwa kama jembe, yaani chombo kisichoulizwa kinapelekwa wapi.

Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1950, na hapa ndipo penye somo kubwa. Huko Machakos vikundi vya mwethya viliachiwa kujichagulia viongozi wao. Wakulima waliona kwa macho yao kwamba shamba lenye matuta hushika maji, na kwamba mboga na kahawa zilizopandwa hapo ziliweza kuuzwa. Matuta yakaenea upesi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wengine waliyaacha kwa muda, kwa kuwa yaliwakumbusha amri za wakoloni. Lakini baadaye waliyarudia, tena bila askari kusimama nyuma yao. Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya Machakos kuanzia mwaka 1930 hadi 1990. Walionyesha kwamba katika muda huo watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na ardhi ile iliyodhaniwa kuwa inakufa ilikuwa imehifadhiwa vizuri kuliko zamani.

Tuta lililopendwa zaidi huko lina jina la Kiswahili, nalo ni fanya juu. Mtu huchimba mtaro unaokingama mteremko, na udongo anaoutoa huurusha upande wa juu ukawa ukingo. Mvua inyeshapo, udongo ushukao hunaswa na ukingo huo. Miaka ikipita, shamba lililoinama hugeuka kuwa ngazi za ardhi iliyo sawa. Iko pia njia ya kurusha udongo upande wa chini, nayo huitwa fanya chini. Yeyote aliyepata kushika sepetu anajua ni ipi iliyo nyepesi. Basi nauliza, ni nani atakayechagua kurusha udongo juu siku nzima, jua likimwaka kisogoni? Ni yule tu ajuaye kwamba ngazi ile itakuwa yake na ya wanawe.

Hapo tusije tukajidanganya. Hiari haizaliwi na hotuba peke yake. Wakulima wa Machakos walikuwa na soko karibu, walipata fedha kwa ndugu zao waliokuwa wakifanya kazi Nairobi na kwingineko, na walipata kahawa ambayo kwa miaka mingi Mwafrika alikuwa amezuiwa kuipanda. Mtu huwa na moyo wa kazi anapoona kwamba tunda la kazi halitavunwa na mwingine. Anayetaka watu wajitolee na asitengeneze mambo hayo, anataka mavuno bila kupanda.

Pengine umekwisha kuwa na neno la kunipinga, nalo ni zuri. Utasema: "Mwalimu, maji hayajui mpaka. Ikiwa mimi nimechimba matuta, na jirani yangu aliye juu yangu amekataa, maji ya shamba lake yatashuka yavunje matuta yangu. Je, nimwache kwa kuwa ana hiari?" Hapana, sisemi umwache. Hiari ya mtu huishia pale inapoanza kumwumiza mwenziwe. Kijiji kina haki ya kumwambia mtu, "Maji yako yasitubomolee," kama kilivyo na haki ya kumwambia afunge mbuzi wake. Lakini kumzuia mtu asidhuru ni jambo moja, na kumtumikisha ni jambo jingine. La kwanza ni sheria ya ujirani. La pili, hata likipakwa rangi ya maendeleo, bado ni utumwa.

Vilevile yatupasa kumwuliza yule anayekataa kabla ya kumhukumu. Tuseme watu wa kijiji chenu wanajenga bwawa la mchanga, kama yale yanayojengwa sana Ukambani. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto wa msimu, ukasimama juu ya mwamba. Mvua zikija, mto huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo yasikaushwe na jua upesi. Kazi ni ya kubeba mawe kwa siku nyingi. Nyumba moja haikuleta mtu hata siku moja. Je, siku maji yatakapopatikana, nyumba hiyo inyimwe?

Nenda kwanza ukabishe hodi. Pengine utamkuta mjane mwenye mtoto mgonjwa, asiyeweza kwenda wala hakupata wa kumtuma. Huyo anadaiwa msaada, hadaiwi kazi. Pengine utamkuta mzee anayesema kwamba ukuta umewekwa mahali pabaya, kwani aliwahi kuona mto huo ukihama kingo zake. Huyo msikilize upesi, maana huenda yeye peke yake ndiye anayewafaa kuliko wabeba mawe wote. Na kama amekosea, mweleze kwa adabu. Pengine, ni kweli, utamkuta mvivu amelala, anayesema moyoni mwake kwamba maji yatakuja tu. Hata huyu sikushauri umnyime maji ya kunywa, kwa sababu watoto wake hawakulala pamoja naye kwa hiari yao. Lakini asipewe sauti katika kamati ya maji mpaka atakapotoa jasho, na apangiwe zamu ya kusafisha na kutengeneza. Adhabu inayompa mtu nafasi ya kurudi ni bora kuliko ile inayomfukuza.

Taifa letu zima limepitia mtihani huu. Jomo Kenyatta alipolitoa neno harambee mwaka 1963 kuwa mwito wa taifa, watu waliuitikia kwa moyo. Wazazi ambao hawakuwahi kukaa darasani walitoa shilingi, kuku na mawe ya kujengea, na shule nyingi za sekondari zikasimama mahali ambapo serikali isingefika mapema. Lakini miaka ilipozidi kupita, neno hilo tamu lilianza kutiwa shubiri. Michango mingine ilidaiwa kwa amri, na vigogo wengine walitoa fedha nyingi hadharani ili wasifiwe, bila kuulizwa walizipata wapi. Ndiyo maana sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003 ilimkataza afisa kutumia cheo chake kukusanya michango. Harambee haikuharibiwa na watu kukataa kutoa. Iliharibiwa na watu kutoa bila kuulizwa, na kupokea bila kueleza.

Nami sitakuwa mwaminifu nikiwalaumu wakoloni na wakubwa peke yao. Mimi ni mwalimu, na nimepata kumpa mwanafunzi jembe kwa sababu alichelewa kufika shuleni. Alilima kipande chake kimya, wenzake wakimtazama madirishani. Jioni ile niliwaza nikaona nilivyokuwa nimemfundisha: kwamba jembe ni la mkosaji, na kwamba mtu mwema hukaa kivulini. Tukifanya hivyo kwa miaka minne kisha tukamtazamia kijana huyo aende kijijini kwake kubeba mawe kwa furaha, tutakuwa tumetaka mbigili itoe zabibu. Tangu siku hiyo hushika jembe pamoja na darasa langu siku ya kazi, na aliyechelewa hutafutiwa adhabu nyingine.

Basi, msomaji, utakapoitwa kwenye kazi ya kijiji, au utakapokuwa wewe ndiwe unayeita wengine, jiulize maneno matatu. Ni nani aliyeamua kazi hii, na je, wale watakaoifanya walisikilizwa? Ni nani atakayetoa jasho, na je, aliyetoa amri yumo miongoni mwao? Na mwisho, ni nani atakayevuna? Ukipata majibu mema, usingoje kubembelezwa; chukua jembe lako uende mapema, kwa kuwa kukaa nyuma hapo ni kuwaibia jirani zako. Ukipata majibu mabaya, usikimbie wala usinung'unike pembeni. Simama mkutanoni uulize kwa heshima, hata kama sauti yako itatetemeka. Kuuliza huko nako ni sehemu ya kazi ya kijiji, na mara nyingine ndiyo sehemu iliyo nzito.

Matuta ya Machakos yangaliko, na mtu apitaye huko baada ya mvua anaweza kuyaona yakipanda vilima kama ngazi. Mengine yalianza kwa shuruti, mengine kwa hiari. Jicho la mpita njia haliwezi kuyatofautisha. Lakini tuta hubomoka likiachwa, na lililosimama leo ni lile ambalo mtu fulani, bila kuamrishwa, alirudi kulitengeneza.